Wimbo Uliofungwa Ndani ya Laptopu

Aliyeniajiri Garissa hakunificha kwa nini alinichagua. Alikuwa ameketi nyuma ya kaunta ya studio yake, mikono kainyoosha hewani ili hina ikauke, akaniambia kwamba kwa kazi ile hamtaki msichana wa Kisomali. Msichana wa Kisomali ana shangazi katika kila mtaa, na hakuna shangazi asiye na mdomo.

"Wewe hapa hujui mtu na hakuna mtu anakujua," akasema. "Hiyo ndio mzuri."

Nilicheka. Nilikuwa nimetoka Mwingi na cheti cha kuhariri video ambacho kilikuwa kimelala sandukuni muda mrefu bila kunipa hata kikombe cha chai, na maneno yale niliyapokea kama sifa.

Kazi yenyewe ilikuwa harusi. Kule wanaume wana siku yao na wanawake wana yao, na siku ya wanawake mwanamume haonekani hata kivuli. Mabuibui huvuliwa mlangoni, nywele huachwa wazi, magauni mepesi ya dirac hung'aa ukumbi mzima, na moshi wa uunsi, ubani wa kufukiza, hupanda mpaka huoni dari. Simu zote hukusanywa kwenye beseni na kufunikwa kwa shuka. Kamera inayoruhusiwa kuingia ni moja tu, na wanawake wa mjini walimwamini bosi wangu kuishika. Yeye alipiga, mimi nikahariri, katika chumba cha nyuma chenye komeo upande wa ndani. Video ikiisha, bibi harusi alikabidhiwa yeye mwenyewe, mkononi. Picha zile hazikuwa za kuonwa na mume wa mtu, kaka wa mtu, wala fundi wa mtu.

Mashine tuliyotumia ilikuwa laptopu nzito ya mtumba, aliyoiagiza kutoka duka moja la Nairobi. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya vijana wanaocheza michezo ya kompyuta. Kibodi yake iliwaka wekundu kama makaa. Ndani ilikuwa na kadi mbili za grafiki, yaani sehemu mbili zinazochora kila unachokiona kwenye skrini. Moja ilikuwa ndogo, isiyokula umeme, ya kuandikia barua na kusomea habari. Nyingine ilikuwa kubwa, ya kazi nzito kama video. Mashine iliyo nzima huamua yenyewe wakati wa kutumia hii na wakati wa kutumia ile, nawe hata hutambui kwamba zimepokezana. Yetu haikuwa nzima. Nikifungua programu ya kuhariri, inang'ang'ania kadi ndogo, na video inakwenda kwa kukwama: mwanamke anainua mkono kucheza, mkono unabaki hewani, sauti inarudia silabi moja mara mbili tatu, ndipo mambo yanaendelea. Nikiilazimisha itumie kadi kubwa, feni zinavuma, chini kunachoma hata kupitia gazeti nililoitandikia, kazi inasonga vizuri kwa muda, halafu stima inapotea. Stima ikipotea mashine inarukia betri, ikirukia betri inarudi kwenye kadi ndogo, na programu nzima inajifunga na kunipotezea nilipokuwa nimefika.

Nilimweleza bosi. Alinisikiliza huku akipanga vibweta vya kutilia video, akasema mashine ni kama punda wa mkokoteni. Ukiona hatembei, hujamchapa. Nilimwomba pia diski ya kando ya kuhifadhia nakala, kwa kuwa mbili tulizokuwa nazo zilikuwa zimejaa harusi za nyuma. Alisema tutanunua. Basi tukaendelea hivyo hivyo: jioni namimina picha kutoka memori ya kamera hadi kwenye laptopu, asubuhi memori inafutwa kwa sababu mchana kuna harusi nyingine.

Ndipo ikaja harusi ya binti wa mfanyabiashara mmoja wa mifugo. Bwana harusi alikuwa akiishi ng'ambo na bibi harusi angemfuata baada ya wiki chache. Nyanya yake bibi harusi, mama wa mama yake, aliletwa kutoka Rhamu, safari ya kuvuka Mandera na Wajir nzima kwa barabara ile, naye mwili wake ulikuwa kama fimbo. Kila mtu pale alimwita ayeeyo, nyanya. Mimi sikuwahi kumwona kwa macho. Nilimwona kwenye skrini tu, katika chumba cha nyuma, siku iliyofuata.

Ngoma ilikuwa imepamba moto aliposimama. Aliinua mkono mmoja na wapiga ngoma wakanyamaza. Kisha akaanza buraanbur, mashairi yale ya wanawake wa Kisomali ambayo mmoja hughani na wengine hujibu kwa makofi na ngoma. Sauti yake ilikuwa nyembamba, haitetemeki. Alikuwa akimtazama bibi harusi muda wote, na bibi harusi alikuwa ameshika mdomo. Bosi, ambaye kwa kawaida kamera yake haitulii, hakuitikisa hata kidogo. Sikuelewa maneno. Kisomali changu kilikuwa cha sokoni: bei, maziwa, njoo, nenda, kesho. Lakini nilijua nimeona kitu.

Na hapo ndipo mashine ilipokwama kuliko mahali pengine popote. Taa za ukumbi, magauni yanayometa, mikono mingi inayopiga makofi kwa pamoja, kadi ndogo ililemewa. Nilirudia kipande kile asubuhi, nikakirudia mchana, nikakirudia kesho yake, kila mara nikijaribu kuibembeleza kadi kubwa ishike kazi, na kila mara ayeeyo akasimama na mkono hewani, akasema silabi mara mbili, akaendelea. Mwishowe nilikuwa naweza kumfuata kwa mdomo wangu, kama mtoto anayesoma dua asiyoijua maana.

Sikuwa nimemaliza hata nusu ya harusi ile bosi alipoingia na simu mkononi, akasema ayeeyo amefariki. Alikuwa amerudi Rhamu, akalala mchana, hakuamka. Bosi alisema inna lillahi, akakaa juu ya stuli. Halafu akauliza kama kile kipande kimo. Nikamwambia kimo.

Mama wa bibi harusi alikwenda kuzika, na aliporudi Garissa alituma ujumbe kabla hata ya kumaliza kupokea watu wa tanzia. Hakutaka video ya harusi. Alitaka mama yake. Simu zote siku ile zilikuwa kwenye beseni chini ya shuka. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa na sauti ile isipokuwa sisi.

Nilimwambia bosi nipe diski ya kando leo, nitoe kipande kile kama kilivyo, bila kuhariri, nikipeleke. Alikataa. Mama yule alikuwa mtu mkubwa, alisema, huwezi kumpelekea kitu kibichi. Bosi alitaka jina la marehemu kwa dhahabu mwanzoni, aya, maua, kila kitu kikae sawa. Alinipa mpaka Jumatatu.

Jumapili nilikwenda kanisani kama kawaida. Niliporudi nilikuta mlango wa chumba cha nyuma uko wazi na bosi ameketi mahali pangu. Laptopu ilikuwa mbele yake, skrini nyeusi kabisa, feni zikivuma, kibodi ikiwaka wekundu. Alikuwa amempigia mpwa wake aliyeko Eastleigh, na mpwa akamwelekeza mahali pa kubonyeza ili mashine iache kuhangaika kati ya kadi mbili, itumie ile kubwa peke yake. Mashine ikamwuliza kama ijizime na kujiwasha. Alikubali. Ilijizima, ikajiwasha, na kadi kubwa, ambayo nadhani ilikuwa mgonjwa tangu siku iliyotoka Nairobi, haikuchora chochote.

"Rudisha," akaniambia.

Nilijaribu kila nilichokijua. Huwezi kubadilisha mpangilio usiouona. Nilibonyeza vitufe gizani, nikahesabu milio, nikaunganisha na televisheni ya mapokezi. Giza. Alisimama nyuma yangu akinipulizia pumzi shingoni, na nilipogeuka kumwambia imeshindikana, hakuniita abaayo, yaani dada, kama alivyozoea. Alisema: "Naa, wewe." Ni neno la kumwitia mwanamke usiyemhesabu.

Mafundi wote wa kompyuta niliowajua mjini walikuwa wanaume. Hilo alilijua yeye kuliko mimi. Alizunguka chumbani kwa muda, kisha akaamua mwenyewe, kwa mdomo wake: niipeleke kwa yule fundi wa kwetu, Mkamba mwenye kibanda karibu na soko. Yule si wa hapa, alisema, hata akiona hajui ni mke wa nani. Nilimwomba twende wote, tukae pande zote mbili za fundi tukimwangalia. Alisema yeye hawezi kuonekana pale. Alinipa leso niifunikie laptopu, akanifungulia mlango wa nyuma.

Fundi alinipokea kwa Kikamba, akaniuliza habari za mvua za kwetu, akanivutia kiti. Nilijisikia nimefika nyumbani. Nilimweleza shida, na kwamba nitakaa hapo hapo mpaka amalize, na kwamba chochote kitakachoonekana akifunge mara moja. Nilimwomba pia achomoe diski kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Alisema kuchomoa diski ni kazi ya watu waoga.

"Ndani kuna nini?" akauliza.

"Kazi."

"Najua kazi yako. Hawa wanajifunika mchana kutwa, na wewe unawaona bure." Alikuwa anafungua skrubu, hakuniangalia. "Nionyeshe kidogo tu, nikufanyie haraka. Mimi na wewe ni watu wa nyumba moja."

Nilimwambia hapana. Akacheka, akaniambia tena, safari hii kwa upole zaidi, na mimi nikasema hapana kwa sauti ambayo watu wa kibanda cha jirani waliisikia. Kicheko kikamtoka usoni. Aliinua kifuniko, akatafuta ile betri ndogo ya mviringo inayotunza mipangilio ya mashine, akaing'oa kwa ncha ya bisibisi, akangoja, akairudisha. Mashine ikasahau yote iliyoamriwa, pamoja na amri ya kutumia kadi kubwa peke yake. Alibonyeza kitufe cha kuwasha.

Skrini iliwaka. Nilimshika fundi begani nikamshukuru, nikamshukuru na Mungu, kwa Kikamba. Kadi ndogo ilikuwa imerudi kazini na mwanga wake ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichokuwa nimekiona wiki ile.

Ilikuwa skrini ya buluu yenye maandishi. Mashine ilitaka ufunguo, namba ndefu isiyokwisha, bila hiyo haitafungua diski.

Fundi alinieleza akifuta mikono. Mtu wa kwanza aliyeimiliki laptopu ile, huko ilikotoka, alikuwa ameifunga diski nzima kwa namba ya siri. Muda wote mashine ilikuwa ikijifungulia yenyewe, kwa kuwa ndani hakuna kilichobadilika. Sasa mipangilio imeguswa, imejihisi iko mikononi mwa mwizi. Ufunguo uko kwenye akaunti ya mtu yule, popote alipo, kama yu hai.

"Picha zimefutika?" nikamuuliza.

"Hapana. Zimo zote."

"Sasa?"

"Sasa hazifunguki." Akaanza kurudisha skrubu. "Ungenionyesha, ningekuwa mwangalifu."

Mpaka leo sijui kama alijua litakalotokea kabla hajaing'oa ile betri. Nimeulizia tangu hapo kwa watu wanaojua mambo haya, wakaniambia fundi mwingine yeyote angeweza kufanya vile vile, na kwamba hata diski ingechomolewa ingejifunga. Hilo halinisaidii. Ninachokikumbuka ni jinsi alivyolisema neno mwangalifu.

Bosi alipiga simu kwenye lile duka la Nairobi, mbele yangu. Walimwambia mashine zao huja kwenye kontena kutoka ng'ambo, kutoka ofisi zilizofungwa na nyumba za waliokufa, na hakuna ajuaye ipi ilikuwa ya nani. Yeye alipaza sauti, wao wakakata. Kisha akaniangalia muda mrefu, na nadhani ndipo alipoamua.

Kufikia Jumatano mji ulikuwa umejua. Fundi alikuwa amesimulia kwenye hoteli ya chai, kama kichekesho, jinsi binti wa kwao alivyomletea wanawake wa watu chini ya leso. Hakusema kwamba hakuona kitu. Kichekesho chake kingekufa kama angesema hivyo. Siku iliyofuata, baada ya swala ya alasiri, mama wa bibi harusi akatuita nyumbani kwake, tuje na mashine.

Sebule ilikuwa ya mito ya chini kuzunguka kuta zote, na wanawake walikuwa wamejaa, wengine wa tanzia, wengine wamekuja kusikiliza. Wanawake wale nilikuwa nawajua wote. Nilijua nywele zao, vicheko vyao, nani anacheza vizuri na nani hujificha nyuma ya wenzake. Wao hawakunijua. Mama mwenyewe alikuwa amekaa karibu na dirisha, tasbihi mkononi, na binti yake pembeni.

Bosi alizungumza kwa Kisomali, kwa muda mrefu, akishika kifua. Nilinasa maneno mawili, na yalirudi mara kadhaa: gaalad, yaani mwanamke kafiri, na nin, mwanamume. Yalitosha. Nilisema kwa Kiswahili, "Ni wewe uliyenituma kwake. Wewe ndiye ulinipa leso."

Aligeuka akanijibu kwa Kiswahili, taratibu, ili kila mtu asikie. "Abaayo, usiongeze uongo juu ya msiba wa watu."

Hakuna aliyeniangalia kwa kutaka kujua zaidi. Nilielewa wakati ule kwamba pale sebuleni bosi alikuwa na shangazi, na binamu, na watu waliomjua mama yake, na mimi sikuwa na hata mtu mmoja wa kusema kwamba sina tabia hiyo.

Mama aliweka tasbihi chini. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia mboga.

"Wewe iliona mama yangu?"

"Kwenye video, mama."

"Mara ngapi?"

"Nyingi sana."

"Alisema nini?"

Nikamwambia sijui Kisomali cha kutosha. Akasema, "Umesikia mara nyingi sana na hujui alisema nini."

"Naikumbuka sauti tu, mama. Naweza kuifuata."

"Toa."

Sikuelewa. Akagusa koo lake kwa kidole. "Toa sauti. Sema kama yeye."

Nilimwangalia bosi, naye akatazama zulia. Basi nikaanza. Nilifumba macho, nikamwona ayeeyo ameinua mkono, nikaanza pale alipoanza, kwa ule uzi mwembamba wa sauti, silabi kwa silabi. Kwenye mistari ya kwanza wanawake waliinua nyuso. Nilisikia mwanamke mmoja akianza kupiga makofi kwa vidole, polepole, pale ambapo kwenye ukumbi ngoma ilijibu. Mtu alivuta pumzi kama anayelia. Nadhani baadhi ya maneno yalikuwa yanatoka sawa.

Halafu nikafika pale mashine ilipokuwa ikikwama, na mimi nikakwama. Nilisema silabi mara mbili, mara tatu, nikaendelea, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyousikia wimbo ule kila siku. Sikuwahi kuusikia ukipita hapo salama. Msichana mmoja akacheka. Alijifunika mdomo, lakini wa pembeni yake naye akacheka, na kicheko kikazunguka ukuta mzima kama moto wa nyasi, wanawake waliofiwa, machozi bado machoni, wakicheka bila kuweza kujizuia. Nilinyamaza.

"Endelea," mama akasema.

Niliendelea. Mahali pengine pa kukwama palikuja, nikajaribu kupapita, nikapotea, nikarudi nyuma. Wakacheka tena. Nilipomaliza akaniambia nirudie. Nikarudia, na safari hii hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Bibi harusi aliinuka akatoka, mtandio usoni. Mama akaniambia nirudie tena. Sauti yangu ilikuwa imeanza kukauka, maneno yamegeuka kelele, hata mimi nilisikia kwamba ayeeyo hayumo tena. Nilipoishia katikati na kusema siwezi, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akingoja nifike hapo.

"Mama yangu alikuwa najua maneno kuliko watu yote ya Rhamu," akasema. "Sasa maneno yake iko kwa wewe, na wewe hapana jua hata moja. Toka."

Laptopu ilibaki. Bosi ndiye aliyeitoa, haraka, kabla hajaombwa, akaisukuma kwenye zulia mbele ya mama kwa mikono miwili kana kwamba ni zawadi. Nje, getini, aliniambia nisije kazini. Hakuonyesha hasira. Alinirekebishia leso begani kama dada mkubwa, akasema hivyo, akaingia kwenye tuktuk.

Hakuna studio nyingine iliyonichukua, na sikutegemea. Nilipata kazi ya kuchapa kwenye saiba moja, duka la intaneti, karibu na ofisi za serikali, ya mwalimu wa bara. Watu wangu wa kanisani walinihurumia kwa Jumapili moja. Waliniambia sasa nimewajua watu wale, kwamba nilikuwa nakula nao kupita kiasi. Kisha, kwenye chai baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya, mtu mcheshi, mke wa afisa, akaniomba niwaimbie ule wimbo. Nilidhani anatania. Walikuwa wameweka vikombe chini wakinitazama, tayari kucheka. Nilisema nimeusahau. Wakasema jaribu tu, hata kidogo, ile sehemu ya kugugumia. Sikurudi kwenye ile chai.

Bosi nilikutana naye tena miezi baadaye, kwa wauzaji wa maziwa ya ngamia. Aliniona wa kwanza, akaniita abaayo, akaniuliza mama yangu wa Mwingi anaendeleaje, kama watu walioachana kwa heri. Nilijibu. Sijui kwa nini nilijibu. Alikuwa anaonja maziwa kwenye kifuniko cha jerikeni, akitema, akionja mengine, na baina ya kuonja na kutema akanisimulia.

Kaka wa bibi harusi alikuwa ameipeleka laptopu Nairobi, kwa mafundi wa duka kubwa, akawaambia itengenezwe, mama anaitaka. Wakaitengeneza. Walipiga simu wakasema iko sawa, kadi zote mbili zinafanya kazi, inabadilisha yenyewe bila shida, waje kuichukua. Ilipofika Garissa mama aliita wanawake wale wale. Walichoma uunsi. Aliagiza spika ikodishwe ili sauti ijae nyumba, na bibi harusi akapigiwa simu ng'ambo, simu ikawekwa juu ya mto ili naye asikie. Mama mwenyewe ndiye aliyebonyeza kuwasha, kaonyeshwa kidole aweke wapi.

Mashine iliwaka mara moja. Iliwakaribisha, ikawaomba wachague lugha, kisha nchi, kisha wajiandikishe. Mafundi walikuwa wameisafisha diski yote. Hawakuwa wameambiwa ndani kuna mtu.

"Mama alisema nini?" nikamuuliza.

"Aliinuka. Akaenda kuswali." Akamrudishia muuzaji kifuniko. "Sasa watoto wanachezea mpira, ile ya kombyuta. Wallahi inaenda kama maji. Haikwami hata kidogo."

Kisha akaniambia amenunua mashine mpya, yenye kadi moja tu, na kwamba anatafuta mtu. Nilimwambia sitaki. Aliniangalia bila uadui wowote, akasema nitarudi, kwani nitaenda wapi. Nilinunua maziwa yangu nikaondoka.

Sikurudi. Nilisikia baadaye kwamba alimpata msichana mwingine, kutoka Embu.